Somo la 8: Ndege Aliyeanguka Kando ya Njia

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Zaburi 50:10, 11, Mambo ya Walawi 11:13–19, Kumbukumbu la Torati 18:9–14, Mathayo 12:9–13, Luka 10:30–37, Mwanzo 8:6–12.

Fungu la kukariri: Mithali 12:10, sehemu ya kwanza. Lisome katika Biblia yako na ulikariri pamoja na watoto wa nyumbani mwako.

Tuchukue mfano ambao ungeweza kutokea katika kanisa lolote la mashambani, na tuuweke Isongole, wilayani Ileje, ambako barabara inayotoka Mpemba inafika mpakani na Malawi. Ni Sabato asubuhi. Watoto wa Watafuta Njia wanakwenda kanisani na kando ya barabara, kwenye majani ya ukingo wa shamba la mahindi, wanamkuta bundi. Bawa moja limening'inia. Huenda aligongwa na gari usiku alipokuwa akiwinda panya. Anawatazama watoto, anagonganisha mdomo wake, lakini hawezi kuruka.

Mara watu wanakusanyika. Kijana mmoja anaokota jiwe, kwa sababu amefundishwa kwamba bundi ni mkosi. Mpita njia anasema atamnunua, maana yuko mganga anayetafuta manyoya yake. Msichana mdogo analia, anataka kumpeleka nyumbani amfuge. Na shemasi, akitokea mlangoni, anawahimiza watoto waingie ndani, kwa kuwa Shule ya Sabato imekwisha kuanza.

Juma hili tutawasikiliza watu hawa wanne mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja tutamjibu kwa Maandiko. Swali letu ni hili: Mungu anapotuwekea kiumbe aliyeumia njiani, anataka tumfanyie nini, na huruma yetu inapaswa kwenda mpaka wapi?

JUMAPILI: Mwenye Ndege Wote

Soma Zaburi 50:10, 11 na Mathayo 10:29. Mafungu haya yanasema nini juu ya mwenye mali ya ndege wa porini?

Katika Zaburi ya 50 Mungu hasemi tu kwamba ameumba ndege. Anasema anawajua. Wale wa milimani, ambao sisi hatujawahi kuwaona wala kuwapa jina, Yeye anawafahamu. Naye Yesu alichagua ndege wa bei ya chini kabisa sokoni, shomoro, akafundisha kwamba hata mmoja wao haanguki chini pasipo Baba. Tuangalie vema: Yesu hakusema kwamba shomoro hawaanguki. Alisema kwamba anguko lao halipiti bila Baba kuwapo.

Basi bundi yule wa kando ya barabara hakuanguka mahali pasipo na mtu. Kabla watoto hawajamwona, alikuwa ameonwa.

Sheria za nchi yetu nazo zinatusaidia kuelewa jambo hili. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema kwamba wanyamapori wa Tanzania ni mali ya umma, nao wamewekwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mdhamini hajimilikishi, bali anamtunzia mwingine. Wasomaji wa Shule ya Sabato wanalijua wazo hilo kwa jina la uwakili. Mwanzo 2:15 inamweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza, wala haisemi kwamba bustani ilikuwa yake.

Ukimwokota ndege wa porini, umeokota mali ya mwingine. Kumbukumbu la Torati 22:1–4 linasema nini juu ya mtu anayekuta mnyama wa ndugu yake amepotea au ameanguka njiani? Je, agizo hilo linamruhusu apite kana kwamba hakuona?

JUMATATU: Hofu ya Bundi

Soma Kumbukumbu la Torati 18:9–14. Israeli walikatazwa mambo gani, na kwa nini?

Miongoni mwa mambo yaliyokatazwa ni kutafuta habari za kesho katika dalili na bao. Mtu anayesikia bundi akilia juu ya paa na kusema, "Hapa pana msiba," anafanya jambo lilelile. Amempa ndege cheo cha nabii. Biblia inatufundisha kwamba wafu hawajui neno lo lote (Mhubiri 9:5), kwa hiyo hawawezi kutuma mjumbe mwenye manyoya. Inatufundisha pia kwamba mwisho wa maisha yetu uko mikononi mwa Mungu (Zaburi 31:15).

Wengine watasema, "Lakini Walawi 11 inamtaja bundi kuwa najisi." Ni kweli, bundi yumo katika orodha ile. Lakini soma tena Walawi 11:13–19. Sura ile inahusu chakula. Inasema ndege hao wasiliwe, haisemi kwamba wamelaaniwa wala kwamba wapigwe mawe. Tai yumo katika orodha hiyohiyo, na bado Mungu alijifananisha na tai anayewabeba makinda yake (Kumbukumbu la Torati 32:11). Mwandishi wa Zaburi 102:6, alipotaka kueleza upweke wa mateso yake, alijilinganisha na bundi wa mahameni. Hakuona aibu kufanya hivyo.

Tuyatazame yale yanayotutisha. Bundi huruka bila sauti kwa sababu kingo za manyoya yake ni laini, asimshtue panya. Hugeuza kichwa karibu robo tatu ya duara kwa sababu macho yake hayazunguki ndani ya kichwa kama yetu. Bundi wa uso mweupe, yule anayependa kuzaa ndani ya dari za majumba na makanisa, ana uso wa mviringo unaokusanya sauti na kuipeleka masikioni, hata aweze kumkamata panya gizani. Mahali penye ghala la mahindi ndipo penye panya, na penye panya ndipo anapokuja. Hakuja kwa sababu ya mgonjwa aliye ndani. Amekuja kwa ajili ya panya wanaokula mahindi ya mgonjwa huyo.

Jambo hili si dogo, ndugu wapendwa. Hofu ya bundi haiishii kwa bundi. Akishapigwa jiwe, swali linalofuata kijijini huwa, "Ni nani aliyemtuma?" Kisha macho hugeukia nyumba ya bibi kizee anayeishi peke yake. Katika nchi yetu wako wazee, hasa wanawake wajane, waliopoteza maisha kwa tuhuma za uchawi. Kijana anayefundishwa kanisani kuliweka jiwe chini mbele ya bundi anafundishwa pia kuliweka chini mbele ya jirani yake. Na yule anayeuza manyoya kwa mganga, hata kama yeye mwenyewe haamini, analisha hofu inayoua watu.

Soma 1 Yohana 4:18. Je, katika nyumba yako kuna kiumbe, mtu au mahali panapoogopwa kwa sababu ya mapokeo ambayo Neno la Mungu limekwisha kuyaondoa?

JUMANNE: Je, Ni Halali Siku ya Sabato?

Soma Mathayo 12:9–13 na Luka 14:1–6. Yesu alitumia mifano gani kujibu swali la kuponya siku ya Sabato?

Shemasi wetu hakuwa mtu mbaya. Alipenda utaratibu, naye alijua kwamba watoto wana kawaida ya kuchelewa. Lakini aliweka ratiba mahali ambapo Bwana aliweka rehema.

Yesu aliwauliza wasikilizaji wake kama kati yao yupo mtu ambaye kondoo wake akitumbukia shimoni siku ya Sabato hatamshika na kumtoa. Katika Luka anataja punda au ng'ombe aliyetumbukia kisimani. Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa kuwa wote walifanya hivyo. Yesu alijenga hoja yake juu ya jambo walilolikubali, kwamba maumivu ya mnyama hayasubiri jua lichwe. Kutoka hapo akapanda hadi kwa mwanadamu, ambaye thamani yake ni kubwa zaidi.

Mtu aweza kusema, "Kondoo yule alikuwa na mwenyewe. Huyu bundi si wa mtu." Tumekwisha kumjua mwenyewe katika somo la Jumapili.

Kumwinua ndege aliyeumia, kumweka salama na kumpigia simu anayehusika si kazi ya kujitafutia faida, ni tendo la rehema linalopatana na siku ya Sabato. Kumwuza ni biashara, siku ya Sabato na siku nyingine zote. Kiongozi mwenye hekima angemtuma mtu mzima mmoja pamoja na mtoto mmoja wakamshughulikie ndege, na wengine waingie darasani. Kisha angewaeleza darasa kwa nini hao wawili hawapo. Somo hilo wangelikumbuka kuliko mengi yaliyofundishwa asubuhi ile.

Ni kitu gani katika utaratibu wa kanisa lako kingekufanya upite kando ya mwenye maumivu?

JUMATANO: Msamaria na Mwenye Nyumba ya Wageni

Soma Luka 10:33–35. Orodhesha matendo ya Msamaria kwa mfuatano wake. Ni yapi aliyafanya mwenyewe, na ni yapi alimkabidhi mtu mwingine?

Mfano huu ni wa jirani, yaani mwanadamu, nasi hatutaki kuushusha. Lakini una utaratibu wa huruma ambao unafaa popote penye jeraha. Kwanza Msamaria aliona. Pili alikaribia. Tatu alitoa huduma ya kwanza kwa kile alichokuwa nacho. Nne alimhamisha kutoka mahali pa hatari. Tano alimkabidhi kwa mwenye nafasi ya kumtunza, akalipa gharama, akaahidi kurudi. Hakumbeba majeruhi hadi nyumbani kwake ili asifiwe. Alijua mahali pa kumfikisha.

Msichana yule aliyelia alikuwa na moyo wa Msamaria. Alichokosa ni maarifa. Ndege wengi waliookotwa kwa upendo hufa kwa uji, kwa maziwa, kwa maji yaliyomiminwa mdomoni yakaingia kwenye njia ya hewa, au kwa kushikwashikwa na watoto wa mtaa mzima. Basi walimu wa darasa na viongozi wa Watafuta Njia wafundishe mambo haya:

Kwanza, mtazame kabla ya kumgusa. Kinda mwenye manyoya anayerukaruka chini, na wazazi wake wanalia juu ya mti, mara nyingi anajifunza kuruka. Mwache, au mweke juu ya tawi lililo karibu. Na ukikuta ndege kadhaa wamekufa au wamelegea mahali pamoja, usiwaguse kabisa. Mpe habari afisa mifugo wa kata, maana huenda ni ugonjwa au sumu.

Pili, mfunike. Chukua kitenge, koti au gunia safi, mwendee polepole kwa nyuma, umfunike mwili wote pamoja na kichwa. Akiwa gizani hutulia. Bana mabawa yote mawili taratibu ubavuni mwake. Kwa bundi, mwewe na tai, hatari haiko mdomoni tu, iko zaidi kwenye kucha, hivyo mtu mzima ndiye amshike, mikono ikiwa imefunikwa vizuri.

Tatu, mweke kwenye boksi la karatasi ngumu lenye matundu madogo ya hewa na kitambaa chini. Lifunge. Liweke mahali pa kimya, penye giza na joto la kawaida, mbali na jua, moshi wa jikoni, mbwa na paka. Usimpe chakula. Usimmiminie maji mdomoni. Usimfunge bawa kwa kamba wala kumpa dawa za watu. Nawa mikono kwa sabuni.

Nne, toa taarifa siku hiyohiyo. Kwa mtu wa Isongole, njia ya kawaida ni kuanza na mwenyekiti wa kijiji na afisa mifugo wa kata, kisha afisa wanyamapori wa wilaya, makao makuu ya Ileje yakiwa Itumba. Iko pia Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Afisa mifugo amezoea ng'ombe na kuku, lakini anajua kuzuia damu na kutambua mfupa uliovunjika. Afisa wanyamapori ndiye mwenye mamlaka ya kusema ndege apelekwe wapi. Kumfuga ndege wa porini bila kibali ni kosa la kisheria, hata kama ulimwokota kwa nia njema. Kwa hiyo taarifa inamlinda ndege, na inakulinda wewe pia.

Andika mahali ulipomkuta, saa, na hali yake. Akiwa na pete ya chuma mguuni, andika namba na maneno yaliyomo. Korongo weupe wanaokuja kwetu kutoka Ulaya kila mwaka baadhi yao huvishwa pete hizo ili safari zao zijulikane. Yeremia 8:7 inawataja ndege wa aina hii, wanaojua majira ya kuja kwao.

Msamaria alitoa dinari mbili. Je, darasa lako lingekuwa tayari kuchangia nauli ya bodaboda kwa ajili ya ndege?

ALHAMISI: Mkono Unaopokea na Mkono Unaoachilia

Soma Mwanzo 8:6–12. Nuhu alimfanyia nini njiwa aliporudi mara ya kwanza? Ni nini kilichotokea mara ya tatu?

Njiwa hakupata mahali pa kutua. Nuhu akanyosha mkono, akamtwaa, akamwingiza kwake safinani. Hakuna picha ya upole inayozidi hiyo katika habari yote ya gharika. Lakini baada ya siku saba mkono uleule ulimtoa tena, na baada ya siku nyingine saba ukamtoa tena. Mara hiyo hakurudi. Nuhu hakulalamika. Kutorudi kwa njiwa kulikuwa habari njema, kwa sababu dunia ilikuwa imepata mahali pa kukaa.

Majirani zetu wa Rwanda wametupa mfano katika jambo hili. Huko korongo mwenye taji alipendwa mno, hata watu wengi wakawa wanamfuga katika bustani za nyumba na mahoteli, wakiwakata au kuwavunja mabawa wasiruke. Kupendwa huko kulikuwa kunawamaliza. Kuanzia mwaka 2014 daktari wa mifugo Olivier Nsengimana, pamoja na chama alichokianzisha cha kuhifadhi wanyamapori, walifanya kazi na serikali kuwaorodhesha ndege hao na kuwaomba watu wawatoe kwa hiari, bila kuadhibiwa. Zaidi ya 200 walitolewa. Walioweza kupona walipelekwa Hifadhi ya Akagera wajifunze tena maisha ya porini. Wale ambao mabawa yao hayangeweza kupona wamepewa makao Kigali, mahali paitwapo Umusambi Village, kwenye ardhi oevu iliyofufuliwa, na watu huenda kuwatazama na kujifunza. Korongo huyo yuko hapa kwetu pia, naye tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Tunaona hapo matokeo mawili ya huruma. Mwenye kupona huachiliwa, na asiyeweza kuruka hutunzwa na wenye ujuzi na kibali. Liko na la tatu, nasi tusiwafiche watoto. Wakati mwingine mtaalamu atasema kwamba jeraha halitibiki, na kwamba rehema iliyobaki ni kuyakatisha maumivu. Uamuzi huo ni wake, si wa mwenye jiwe. Na wakati mwingine ndege atakufa ndani ya boksi kabla simu haijapokelewa. Mtoto akiuliza kama kazi yake imepotea bure, msomee Luka 12:6. Hakuna hata mmoja anayesahauliwa mbele za Mungu, na hakuna tendo la rehema linalosahauliwa pia.

Je, yuko mtu au kitu unachokishikilia kwa jina la upendo, ambacho Mungu anakutaka ukiachilie?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Hesabu 22:21–35. Balaamu alipompiga punda wake mara tatu, malaika wa Bwana alimwuliza juu ya mapigo hayo kabla ya kumweleza juu ya safari yake. Mbinguni mapigo ya punda yalikuwa yamehesabiwa. Ellen G. White, alipoieleza habari hii katika kitabu chake cha mwaka 1890 juu ya wazee wa imani na manabii, alitumia nafasi hiyo kukemea ukatili kwa wanyama na kukumbusha kwamba wanyama hawana uwezo wa kusimulia mateso yao.

Soma pia Warumi 8:19–22. Paulo anasema viumbe vyote vinaugua pamoja, vikingoja kufunuliwa kwa wana wa Mungu. Kwa maana kamili, siku hiyo ni ya marejeo ya Bwana. Lakini kama viumbe wanawangoja wana wa Mungu, basi inafaa wanapokutana nao leo, kando ya barabara ya Isongole, wakutane na watu wanaofanana na Baba yao. Watoto wale walikuwa na sare za Watafuta Njia. Bundi hakujua maana ya sare. Aliijua mikono tu.

Maswali ya Kujadili:

1. Rudini kwa watu wanne wa Sabato alasiri: kijana mwenye jiwe, mnunuzi, msichana na shemasi. Darasa lenu lingemwambia nini kila mmoja, kwa upole na kwa Maandiko? Ni yupi kati yao mnafanana naye zaidi?

2. Familia moja ya waumini inasikia bundi akilia juu ya nyumba ambamo mama yao ni mgonjwa. Wanamwita mzee wa kanisa waombe. Mzee aombe nini, na aseme nini kabla ya kuomba?

3. Sumu ya panya inayotegwa ghalani huweza kumwua pia bundi au paka anayemla panya aliyekula sumu. Wakulima wa darasa lenu wanatunza mahindi yao kwa njia gani, na ni njia zipi zingepunguza madhara hayo?

4. Fanyeni orodha ya watu wa kupigiwa simu katika kata yenu: mwenyekiti wa kijiji, afisa mifugo, afisa wanyamapori wa wilaya. Mwalimu ahakikishe namba zao zinapatikana, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kanisa kabla ya Sabato ijayo. Boksi tupu na kitambaa kimoja safi viwekwe kwenye chumba cha Watafuta Njia.